Albamu ya kwanza ya The Mothers of Invention: tunachekeshwa au tunachekwa?

Msikilizaji wa Lanet anauliza:

Ndugu na dada wapenda muziki, salamu kutoka Nakuru. Sisi ni watu saba ambao hukutana kila Jumamosi jioni katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani mmoja hapa Lanet. Kila mmoja wetu, zamu yake ikifika, huleta albamu moja tuisikilize yote kisha tuijadili kwa chai. Tumekwisha kupitia rumba ya Kongo, benga, taarabu ya Mombasa na jazi kidogo. Zamu yangu ilipowadia nilitaka kuwatoa wenzangu katika njia waliyoizoea, nikachagua Freak Out!, albamu ya kwanza ya The Mothers of Invention, bendi ya Kalifonia iliyoongozwa na Frank Zappa. Albamu hiyo ilitolewa mwezi Juni mwaka 1966, nami nilikuwa nimesoma kwamba ni muziki wa roki wa majaribio uliojaa kejeli, na kwamba ni miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za roki zilizotoka kwa santuri mbili katika jalada moja.

Kikao hakikwenda vizuri. Ndani yake zimo nyimbo kadhaa za mapenzi ambazo, ukizisikia bila kuambiwa zilikotoka, utadhani ni za vijana wa miaka ya 1950 waliosimama kwenye kona ya mtaa wakimwimbia msichana aliye dirishani. Mmoja wetu ni mwalimu wa kwaya, mtu mzima ambaye hasemi ovyo, naye alifumba macho akazifurahia. Nilipomnong'oneza kwamba bendi inazidhihaki nyimbo za aina hiyo, aliyafumbua macho akaniuliza, "Inadhihaki nini? Mbona wanaimba vizuri?" Sikuwa na jibu. Mara, bila onyo, baada ya wimbo mmojawapo mtamu, tukajikuta ndani ya mchafuko wa ngoma, miguno, vicheko na sauti zilizoharakishwa hadi zikawa kama za ndege, na mambo hayo yakaendelea kwa dakika 12 hivi. Katikati yake umeme ulikatika mtaa mzima. Spika yetu ina betri yake, kwa hiyo kelele iliendelea gizani, na mwenyeji wetu fundi cherehani akasema kwa utulivu kwamba hata stima imekataa.

Tulicheka, lakini swali la mwalimu wa kwaya limenikaa rohoni wiki nzima. Bendi inayodhihaki kitu kwa kukifanya vizuri kuliko wenye nacho, msikilizaji ataijuaje dhihaka hiyo? Na ile kelele ya mwisho ni kejeli, ni jaribio la kweli la muziki, au ni sisi wasikilizaji tunaochekwa kwa kukubali kuisikiliza?

Fundi wa Redio, Kondele, anajibu:

Ndugu Msikilizaji, kabla hatujaingia katika kejeli naomba kujua jambo moja: mliisikiliza kutoka katika chombo gani? Nauliza kwa sababu unasema kile kipande cha dakika 12 kilifuata wimbo mtamu wa mapenzi "bila onyo", na jambo hilo haliwezekani kwa mtu aliyefuata mpangilio wa santuri zenyewe.

Mimi hutengeneza redio na gramafoni, kwa hiyo huwa nahesabu pande kabla ya kuhesabu nyimbo. Upande wa kwanza wa albamu hiyo una nyimbo sita, wa pili una tano, wa tatu una mbili, na wa nne una kipande kimoja tu, hicho hicho kilichowakimbiza. Sita, tano, mbili, moja. Kadiri unavyogeuza sahani, nyimbo zinarefuka, mashairi yanapungua, na utaratibu uliokubembeleza mwanzoni unalegea. Kila baada ya upande mmoja mtu lazima ainuke, ageuze au abadilishe sahani, ashushe sindano, arudi kitini, na katika kuinuka huko akili hupata nafasi ya kujiuliza inapelekwa wapi. Wazee wa huku kwetu wanalijua hilo kutokana na zile santuri ndogo za benga, ambazo wimbo mmoja ulikatwa ukaanzia upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Mtu akikuwekea upande wa pili kwanza, hutaelewa gitaa linamkimbiza nani.

Msikilizaji wa Lanet:

Fundi, umenikamata. Albamu ilikuwa katika simu ya mpwa wangu, na nimeiangalia tena sasa hivi: simu hiyo ilikuwa imewekwa kuzichanganya nyimbo. Tulianza na wimbo wa upande wa tatu, tukaruka hadi wa kwanza, tukarudi wa pili, tukatumbukia wa nne. Naona aibu kidogo, maana mimi ndiye niliyewahutubia wenzangu kuhusu umuhimu wa kusikiliza albamu nzima. Hata hivyo, swali la mwalimu wa kwaya bado liko pale pale.

Nyar Kibuye anajibu:

Kaka Msikilizaji, mwambie huyo mzee wa kwaya kwamba masikio yake hayakumdanganya. Wanaimba vizuri kwa sababu nyimbo hizo zilikuwa zao. Mwaka 1963, kabla bendi haijawa na jina hilo, Zappa na mwimbaji Ray Collins walitunga pamoja wimbo ulioitwa Memories of El Monte, ukarekodiwa na The Penguins, kikundi kilichovuma katika mtindo huo huo wa sauti za mitaani mnamo miaka ya 1950. Sauti inayoongoza katika nyimbo za mapenzi mlizozisikia ni ya huyo Collins. Mwaka 1968 bendi ilirudi ikatoa albamu nzima ya mtindo huo. Mtu hakai miaka mitano akirudia kitu anachokidharau tu. Anakipenda, na huenda anakionea haya kidogo kukipenda.

Sasa, dhihaka iko wapi? Usiitafute katika mpangilio wa sauti, isikilize katika maneno, hasa pale mwimbaji anapoacha kuimba akaanza kuongea. Katika wimbo mmoja wa upande wa kwanza, Go Cry on Somebody Else's Shoulder, sauti za nyuma zinaomboleza kama inavyotakiwa, naye mpenzi aliyeachwa anasogea mbele kusimulia maumivu yake. Anasimulia nini? Kwamba alishonesha upya viti vya gari, akatengenezwa nywele kwa mafuta zikasimama, akanunua viatu vipya na suruali za kaki, kisha akakutana na msichana na wakaenda kunywa soda. Msiba wa mapenzi umegeuka kuwa risiti za matumizi. Mtu ambaye hafuati Kiingereza cha haraka cha vijana wa pale hataipata, kwa maana sauti ya mwimbaji ina uchungu ule ule tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la pili ni jalada. Mliokuwa na simu mlikosa nusu ya albamu, kwa kuwa Zappa aliandika maelezo ya kila wimbo ndani ya jalada, na maelezo hayo ni sehemu ya mchezo. Kuhusu wimbo huo wa soda na suruali za kaki anasema umejaa mafuta mno, kwamba hupaswi kuusikiliza bali kujipaka nywelani. Kuhusu mwingine wa upande wa pili, ulio laini kuliko yote, anaeleza kwamba aliutunga miaka kama mitatu nyuma wakati akifikiria kuachana na mkewe, na kwamba asingeachana naye upuuzi huo usingerekodiwa kamwe. Mtu anakuuzia wimbo huku akikwambia ni upuuzi, halafu unaucheza na kugundua kwamba ni mzuri kweli. Hapo ndipo anapotaka ukae, kati ya kuamini na kutoamini.

Nyuma ya jalada iko barua ya msichana wa kubuniwa, Suzy Creamcheese wa Salt Lake City, ambayo nadhani ingewachekesha hata wenzako waliokasirika. Anaandika kwamba wanabendi hawa ni wendawazimu na kwamba wote wananuka. Shule yake ilitaka kuwaalika kwenye densi baada ya mchezo wa mpira wa kikapu, lakini rafiki yake akamwonya kwamba huwezi kujua watatokea wangapi, maana wakati mwingine yule mwenye koti la manyoya haji, na wakati mwingine anakuja na kundi la watu wa ajabu wanaocheza ukumbi mzima. Yaani bendi imejiandikia malalamiko yake yenyewe kabla mnunuzi hajapata nafasi ya kulalamika.

Huku Kisumu mimi humlinganisha Zappa na D. O. Misiani wa Shirati Jazz, na watu hunicheka. Wote wawili walizaliwa mwaka 1940, mmoja Baltimore, mwingine upande wa Shirati nchini Tanzania, na Misiani akafia hapa hapa Kisumu mwaka 2006 katika ajali ya barabarani. Misiani aliwaimba wanyama na visa vya Biblia juu ya gitaa tamu la benga, nasi tulicheza tukijua vizuri anayesemwa ni nani, na zaidi ya mara moja alikamatwa kwa ajili ya mafumbo hayo. Tofauti ninayoiona ni kwamba fumbo la Misiani lilimficha msemwa machoni pa wakubwa huku likimfunua kwa wasikilizaji, ilhali la Zappa linamfanya msikilizaji ashuku kwamba msemwa ni yeye mwenyewe. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili unamwambia hivyo ana kwa ana: huenda unajiuliza kwa nini niko hapa, na mimi pia najiuliza. Kwa hiyo swali lako kwamba tunachekeshwa au tunachekwa, mimi ningesema unayo haki ya kuyahisi yote mawili kwa wakati mmoja.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega, anajibu:

Nimefundisha muziki shuleni kwa miaka mingi, na nimefurahi kuona mjadala huu ukiendeshwa kwa heshima. Binti yangu wa Kibuye ameueleza vizuri upande wa nyimbo za mapenzi. Mimi nitabaki na upande wa nne, kwa sababu naona watu wengi huutupa bila kuusikiliza na wengine huusifu bila kuusikiliza, na sijui lipi ni baya zaidi.

Zappa alipokuwa kijana huko jangwani Kalifonia alipenda vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai katika kichwa kimoja: nyimbo za densi za watu Weusi wa Marekani, na muziki wa Edgard Varèse, mtunzi mzaliwa wa Paris aliyehamia New York. Alipotimiza miaka 15 mama yake alimpa zawadi ya kupiga simu ya mbali, isizidi dola 5, naye akaitumia kumtafuta Varèse. Mtunzi hakuwepo nyumbani, alikuwa Ulaya, na kijana akazungumza na mkewe. Kazi moja ya Varèse ambayo kila mwanafunzi wa muziki huelekezwa kwayo ni Ionisation, iliyoandikwa kwa wapigaji 13 wa ngoma, kengele, vyuma na ving'ora. Hakuna fidla wala tarumbeta ndani yake. Ninapowaambia watu wa hapa Kakamega kwamba Wazungu waliona hilo ni jambo la ajabu, hucheka, kwa maana mtoto wa Isukha au Idakho amekua akisikia isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, bila mtu yeyote kudai kwamba muziki haujaanza mpaka aje mpiga gitaa. Varèse alifariki mwezi Novemba 1965. Miezi minne baadaye Zappa aliingia studio Hollywood na bendi yake, na ndani ya jalada akanukuu tamko la zamani la Varèse kwamba mtunzi wa siku hizi anakataa kufa.

Basi upande wa nne unasikika kama kelele kwa mtu anayesubiri wimbo. Ukisubiri ngoma, unasikia mdundo unaoshikilia kwa muda mrefu, juu yake sauti za watu zikitumika kama vyombo, zikiingia na kutoka. Zappa alikodi ngoma na ala za kugonga za dola 500, kisha usiku wa manane akawaalika studio vijana wa mitaani wa Hollywood waliojulikana kwa mavazi na mienendo yao, akawaambia wapige na wapaze sauti.

Hata hivyo, ni lazima niseme ukweli wote. Wapiga isukuti wamelelewa pamoja. Mmoja akibadilisha mkono mwingine anajua. Wale wageni wa usiku wa manane hawakuwa wamelelewa pamoja, na Zappa alijua. Alichorekodi usiku ule kilikuwa tabaka la chini tu, ambalo alikusudia kujenga juu yake, na baadaye alilalamika kwamba kampuni ilikataa kumpa muda wa kumalizia ikaitoa kazi ilivyo. Jina la kipande hicho katika santuri lina maneno ya ziada yanayokiita baleti isiyokamilika ya maonyesho mawili. Watu huyasoma maneno hayo kama mzaha mwingine wa Zappa, nami nayasoma kama taarifa. Msingi ulichimbwa, mawe yakamwagwa, mwenye fedha akasema inatosha, na wapita njia tangu hapo wanajadili maana ya usanifu wa nyumba hiyo.

Mkosoaji wa Milimani, Nakuru, anajibu:

Nawaheshimu nyote, na Mwalimu hasa, lakini naona mnaibeba albamu hii kuliko inavyojibeba yenyewe. Kama upande wa nne haukukamilika, basi robo ya kazi ni shimo, na mnunuzi wa mwaka 1966 alilipia shimo hilo kwa bei ya santuri mbili. Si ajabu kwamba ilifika nafasi ya 130 tu katika chati ya Billboard. Inasemekana Paul McCartney wa The Beatles aliitaja kama kichocheo cha albamu mashuhuri ya bendi yake iliyotoka mwaka uliofuata, lakini mbegu si tunda.

Malalamiko yangu makubwa yako kwingine. Kejeli ni kama pilipili, haisafiri vizuri ikikauka. Wimbo wa kwanza kabisa unawasema watu walioachwa nyuma na ile Jamii Kuu ambayo Rais Lyndon Johnson aliwaahidi Wamarekani. Nani hapa Nakuru anaijua ahadi hiyo bila kuelezwa? Ndani ya jalada wameorodhesha majina 179 ya watu walioathiri muziki wao, wakaongeza ombi kwamba tusiwachukie watu hao kwa sababu hiyo. Mzaha mzuri, lakini ni wa wenyewe kwa wenyewe. Na wimbo ule ambamo wanabendi wanajinadi kwa wasichana kwamba wana mapenzi ya kinamama ya kuwapa, mimi siusikii kama kejeli ya wanamuziki wenye majivuno; nausikia kama majivuno yaliyovaa kofia ya kejeli. Mzaha unaohitaji mwalimu, fundi na binti wa Kibuye ili uchekeshe umekwisha kufa njiani.

Nyar Kibuye:

Kuhusu wimbo wa wasichana nakubaliana nawe, kaka. Hata mimi huuruka.

Lakini ukisema hakuna kilichosafiri, umeusahau wimbo unaofungua upande wa tatu, Trouble Every Day. Mwezi Agosti 1965 mtaa wa Watts huko Los Angeles uliwaka moto siku sita, baada ya askari wa barabarani kumkamata kijana mmoja Mweusi na mabishano yakageuka vurugu. Watu 34 walikufa. Zappa aliyatazama hayo katika televisheni, na wimbo wake hauanzi mtaani, unaanza mbele ya kioo hicho: mtu amekaa nyumbani akitazama habari mpaka macho yanamuuma, watangazaji wanashindana nani atafika kwanza kwenye moto, na kila kituo kinajisifu kwamba picha zake ndizo za karibu zaidi. Anawasema wachomaji, anawasema polisi, anawasema wanaouza matangazo katikati ya maiti, na mahali fulani anasema kwamba yeye si Mweusi, ila mara nyingi hutamani angeweza kusema kwamba yeye si Mzungu. Gitaa na harmonika zinaendelea na mdundo ule ule wa blues, muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, bila kuchoka. Hakuna kicheko hata kimoja. Sisi tuliokuwa Kisumu mwanzoni mwa mwaka 2008, na bila shaka ninyi mliokuwa Nakuru, tunajua kuona barabara unayoipita kila siku ikielezwa na mtu aliye mbali, kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Wimbo huo hauhitaji mwalimu.

Tena, albamu yenyewe ilizaliwa kutokana nao. Mtayarishaji Tom Wilson, Mwafrika wa Marekani aliyekuwa ametayarisha kazi za Bob Dylan na kabla ya hapo kuchapisha albamu ya kwanza ya mwanajazi Sun Ra, aliisikia bendi ikiupiga wimbo huo katika klabu ya Whisky a Go Go, akaondoka akiamini kwamba ni bendi nyingine ya Wazungu wanaopiga blues. Akawapa mkataba na kampuni ya santuri ya Verve kwa imani hiyo.

Fundi wa Redio, Kondele:

Dada amenikumbusha kisa ambacho Zappa mwenyewe alipenda kukisimulia. Siku ya kwanza ya kurekodi walipiga kwanza wimbo mmoja laini wa mapenzi, na Wilson akatulia. Wa pili ukawa Who Are the Brain Police?, unaouliza watu watafanya nini plastiki yote itakapoyeyuka, muziki wenyewe ukianguka na kuinuka kama mtu mwenye homa. Wilson aliinuka mara moja kwenda kupiga simu New York. Sifa yake ni kwamba hakupiga simu ya kuwafukuza: aliwapa muda wa studio na wapigaji wa ziada, nao wakakuta Zappa amekwisha kuwaandikia noti zao zote. Sote tunamtaja Zappa, lakini mtu aliyeweka kazi yake rehani ni Wilson.

Na kwa Mkosoaji, hata jina la bendi lina kovu. Walikuwa The Mothers tu, jina walilojipa Siku ya Akina Mama ya mwaka 1965. Kampuni ilihofia kwamba katika lugha ya wanamuziki neno hilo ni nusu ya tusi, ikadai liongezewe kitu, ndipo ikachukuliwa ile methali ya Kiingereza ya mahitaji kuwa mama wa uvumbuzi. Mzaha wa kwanza wa albamu, ulioandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada, ni wa bendi iliyolazimishwa kuwa na adabu.

Mkosoaji wa Milimani, Nakuru:

Wimbo wa Watts nimeusikiliza tena usiku huu. Nausamehe. Upande wa nne bado sijausamehe.

Msikilizaji wa Lanet:

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia kurudi. Jumamosi iliyopita nilikiri kosa la simu mbele ya wenzangu, nikawaomba nafasi ya pili, nao wakanipa kwa sharti kwamba nilete maandazi. Tulifuata pande kama Fundi alivyoelekeza, na kila upande ulipoisha nilisimamisha muziki tukasimama na kunyoosha miguu. Maelezo ya jalada niliyapata nikayasoma kwa sauti kabla ya kila wimbo. Kwenye lile la mafuta ya nywele fundi cherehani alicheka hadi akaweka kikombe chini. Tulipofika wimbo wa Watts hakuna aliyezungumza, na ulipokwisha kijana mdogo kuliko sote, ambaye mwaka 2008 alikuwa darasa la pili, aliomba urudiwe.

Mwalimu wa kwaya naye ana jambo. Aliomba wimbo wa suruali za kaki upigwe mara tatu, akachukua penseli ya fundi ya kuchorea vitambaa, akaandika sauti ya besi kwa do-re-mi nyuma ya risiti ya vifungo. Anataka kuwafundisha wanakwaya wake mpangilio huo kwa maneno mengine atakayoyatunga yeye, ya heshima, bila soda wala nywele. Ameniagiza niwaulize: akiimba kwa moyo safi kitu kilichotungwa kwa dhihaka, ni nani atakuwa amemdhihaki mwenzake?

Fundi cherehani hana swali. Ameomba tu kwamba upande wa nne, kama ni lazima, upigwe mchana.